Zimamoto kusimama nje na kumwagia maji duka lisiloungua, ni woga au ndo kazi ilivyo?

FremuYaTatu

Wakuu salama? Naombeni mnisaidie maana hili jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Mimi nina fremu ya vipuri vya bodaboda, mji sitautaja. Mtaani kwetu kuna jengo la magodoro limesimama peke yake, kubwa, lina ule ukuta wa mbele uliopandishwa juu kuficha bati, alafu kuna uchochoro wa kupita mtu na baiskeli tu, alafu ndo unaanza mstari wetu wa fremu, ya kwanza bwana wa rangi na thina, ya pili fundi simu, ya tatu mimi, na kuendelea.

Jumamosi saa mbili usiku jengo la magodoro likashika. Tumepiga 114, tumesubiri, likaja gari moja na askari watano, hapo sina neno wamekuja. Sasa cha ajabu wametandika mpira wakafungua maji na maji ya kwanza wakayapeleka kwenye duka la rangi ambalo wala lilikuwa haliungui! Ukuta mzima, mlango umefungwa, wao wanauosha tu kama wanaosha gari, na magodoro pembeni yanatoa moshi mweusi kama tairi. Vijana wakaanza matusi, mmoja akataka kuwanyang'anya mpira kabisa. Na mitungi ya hewa wanayo mgongoni tumeiona lakini hakuna aliyeingia ndani hata hatua moja. Mwingine kazi yake ilikuwa ni kutufukuza tu, rudi nyuma rudi nyuma, mimi nilikuwa barabarani nachukua video kaja kanivuta shati mbele za watu kama kibaka.

Dakika kumi hivi maji yakakata, wakasubiri boza. Mwisho wa siku magodoro yote yameisha, kwa bwana rangi imeungua fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa bati, ya upande wa uchochoro tu, kwangu siling imekuwa nyeusi basi. Sisemi sishukuru. Ninachouliza, hiki walichofanya kina elimu nyuma yake au ni woga na maji machache?

Kinyozi_wa_Stendi

Woga tu mkuu usijisumbue. Gari linakuja na maji ya kunawa mikono. Soko kuu la Kariakoo lenyewe katikati ya jiji liliungua Julai 2021 tukiangalia, itakuwa duka la magodoro huko kwenu. Vifaa vya kuingia ndani wanavyo vya gwaride.

mzee_wa_pampu

Nimestaafu zimamoto, miaka 27 nimevaa ile helmeti, kwaiyo nikiwatetea msishangae, na lawama nayo nitaitoa mahali pake.

Kijana wangu wa vipuri, kamanda akishuka kwenye gari swali lake la kwanza sio nini kinaungua, ni nani yumo ndani. Duka, saa mbili usiku, kufuli lipo nje, mwenyewe yupo barabarani amejishika kichwa. Hakuna mtu ndani. Basi kuanzia dakika hiyo lile jengo kwenye kichwa cha kamanda limeshakufa, anaanza kutafuta nani anafuata kufa. Na anayefuata ni nani? Rangi na thina, uchochoro wa baiskeli. Mimi ningekuwa pale ningefanya hivyohivyo na matusi yenu ningeyavumilia.

Godoro la sponji sio pamba ya zamani. Likiwaka linatoa sianidi na kaboni monoksaidi, na joto pale chini ya dari linapofika kwenye nyuzi 500, 600 hivi chumba chote kinashika kwa mpigo mmoja, sakafu, meza, moshi wenyewe unawaka. Ile nguo ya zimamoto haijatengenezwa mtu akae humo. Kuna duka la sofa Charleston kule Marekani, Juni 2007, askari waliingia ndani, paa likashuka, wakafa 9. Tisa! Kwa ajili ya sofa. Sasa mimi nimpeleke mtoto wa mwenzangu akaokoe godoro lililokwisha kuwa majivu?

Turudi kwenye maji. Tuseme gari lilikuwa na lita 5,000. Mpira mmoja ukifunguliwa vizuri unakula kama lita 500 kwa dakika. Hiyo ni dakika kumi, na wewe mwenyewe umesema dakika kumi maji yakakata, kwaiyo hapo hakuna aliyewaibia. Hizo dakika kumi ukizitupa kwenye jengo ambalo limeshashika lote, maji yanageuka mvuke kabla hayajagusa kinachoungua, moto hata haukujui, na dakika ya kumi na moja thina inaitika.

Kingine ambacho watu hawakioni. Moto haumrukii jirani kwa ndimi zake, mara nyingi unamfikia kwa joto la mnururisho, kama jua. Wewe si ulikuwa unachukua video, uso ulikuwa unachoma na mgongo una baridi, kweli si kweli? Basi ndo hivyo ule ukuta na ile fishabodi vilikuwa vinapikwa kimyakimya. Na hapa kuna ufundi. Vijana wapya wanapenda kutengeneza pazia la maji hewani katikati ya majengo mawili, kwenye picha linapendeza sana lakini joto lile linapenya pazia kama jua linavyopenya kioo. Maji inatakiwa uyapige kwenye jengo lenyewe, juu kabisa, yateremke na ukuta. Ukiona ukuta unafuka mvuke ujue ulikuwa umeshaanza kuiva. Ukiacha kufuka, geuza mpira kidogo kwenye moto, alafu rudi. Walikuwa wanarudi rudi?

Lawama yangu mimi ni boza. Boza linatakiwa litoke kituoni pamoja na gari, sio liitwe maji yakiisha.

FremuYaTatu

Shikamoo mzee. Walikuwa wanarudi kweli, nimerudia video nimeona, ukuta wa rangi ulikuwa unafuka kama nguo kwenye pasi, mimi nikadhani ni moshi.

Ila kuna kingine. Boza lilipofika wakapeleka maji kwenye magodoro sasa, askari kasimama pale pembeni ya jengo kwenye kona, karibu na dirisha dogo, kaelekeza mpira JUU. Yaani moto upo chini yeye anapiga siling. Na kashika hivyohivyo hazungushi. Tukacheka sana. Na hiyo nayo mtaitetea?

mzee_wa_pampu

Marahaba. Hiyo ya dirishani mimi sitaitetea sana. Sisi tulifundishwa usipige maji kwa dirisha kutoka nje, unamsukumia moto aliye ndani. Kwa kuwa hapakuwa na mtu basi haina kesi, lakini kama mazoea ni mabaya.

dogo_wa_Kassel

Shikamoo mzee, naomba nikupinge kwa adabu zote. Mimi nipo Ujerumani, mchana napanga maboksi ghalani, jioni nipo zimamoto ya kujitolea ya kijiji chetu. Huku nje ya miji mikubwa zimamoto karibu wote ni wa kujitolea, muoka mikate, mwalimu, fundi bomba, kengele ikilia kila mtu anaacha alichoshika anakimbia. Mwaka wa nne huu.

Hiyo habari ya maji kusukuma moto ilipimwa. Mwaka 2012 New York kwenye kisiwa cha Governors Island kulikuwa na nyumba zinasubiri kubomolewa, zimamoto wa jiji wakishirikiana na watafiti wakazijaza makochi na vitanda vya kweli, wakafunga vipima joto kila chumba mpaka kwenye korido, wakachoma moja baada ya nyingine. Walichoona ni kwamba ukipiga maji ya mkondo ulionyooka kutoka nje kwa sekunde chache tu, joto linashuka kwenye kile chumba na kwenye vyumba vya jirani pia. Halikupanda. Sasa huku kwetu tunafundishwa kwamba moto ukiwa unatokea dirishani usiuache unaunguza wakati wenzako wanavaa barakoa, ulainishe kwanza kutoka nje alafu ndo waingie.

Ila lazima upige kama yule askari wa FremuYaTatu mliyekuwa mnamcheka. Sogea karibu na dirisha, elekeza juu kwa mwinuko mkali, piga dari. Maji yakigonga dari yanasambaa yanarudi chini kama mvua kwenye kila kitu, ndo spirinkla ya maskini hiyo. Ukisimama mbali ukapiga moja kwa moja, maji yanaingia yanagonga ukuta wa nyuma yanaishia hapo. Na usizungushe nozeli, yaani ule mdomo wa mpira, kwa sababu ukiizungusha unaburuta hewa nyingi kuingia ndani na unaziba lile dirisha lote, na lile dirisha ndo bomba la moshi, mvuke na joto vinatokea hapohapo juu ya maji yako. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inajaa kama lita 1,700, lazima ipate pa kutokea, ukiziba itatafuta mlango mwingine, na kwenye huo mlango mwingine ndo yupo mwenzio.

mzee_wa_pampu

Kijana, majaribio ni majaribio. Mimi nimemwona kwa macho yangu mwenzangu anatoka ndani masikio yamechubuka kama yamemwagiwa chai, kisa mtu wa nje alifungua maji dirishani. Hiyo haikuandikwa na mtu, nilimpeleka mwenyewe hospitali.

dogo_wa_Kassel

Pole sana mzee. Naomba kuuliza tu, aliyekuwa nje alifungua mkondo ulionyooka au mnyunyizo?

mzee_wa_pampu

Mnyunyizo. Mpana, dirisha lote.

dogo_wa_Kassel

Basi mzee tunasema kitu kimoja. Ule mnyunyizo ni feni. Unasukuma hewa kuliko maji.

mzee_wa_pampu

Haya. Miaka 27. Nimekuelewa lakini nipe muda nikasirike kidogo.

Ila hili andikeni wote mnaosoma, hata dogo hatalipinga: monita, ile bomba kubwa ya kurushia maji iliyo juu ya gari, haifunguliwi watu wakiwa ndani. Kwanza toa watu, hesabu vichwa, alafu fungua. Na tundu likitokea kwenye paa moshi unatoka zake, usipeleke maji kwenye hilo tundu kutoka juu hata kama ndimi zinakutamanisha. Moto umejipatia bomba la kutokea wewe unalifunika kifuniko, utarudi chini kutafuta njia.

dogo_wa_Kassel

Silipingi mzee hata herufi moja.

Kisauni_majimoto

Mambo yenu nimeyasoma yote, mimi niko kazi hii hii upande wa pwani ya Kenya. Nyinyi mna bati, mshukuruni Mungu. Njooni mpigane na makuti.

Makuti yakishika wallahi huzimi, utajidanganya tu. Dakika chache paa lote ni tochi na cheche zinapaa na upepo zinaenda kukaa kwa paa la nyumba ya tatu, ya nne, unaacha huku unasikia mayowe kule. Kwa hivyo sisi tukifika jambo la kwanza ni kutazama upepo unaelekea wapi, kama ni msimu wa kusi kama ni kaskazi, kisha tunakimbilia MBELE ya moto. Nyumba inayoungua tunaipita! Watu wanatulaani kama vile ndugu yetu alivyowalaani hao wake. Tunakwenda kulowesha paa ambalo halijashika, na tukiona hatutawahi tunapanda na vijana wa mtaa tunayavuta makuti chini, tunamfunua mtu nyumba yake nzima na yeye yuko pale analia. Kulowesha nako makuti yamepangwa yateremshe maji ya mvua, ukimwaga juu juu yanateleza yanakwenda zao. Lazima mmoja abaki na mpira hapo hapo kuangalia cheche, asiondoke, hata kama kule moto mkubwa unamwita.

Na Mji wa Kale gari haliingii, vichochoro vile viwili mkikutana lazima mmoja ageuze bega. Gari linabaki barabara kuu mnaunga mipira mmoja baada ya mwingine, na kila mpira mnaounga nguvu ya maji inapungua. Hapo mtu wa pampu ndiye mfalme, wa mbele anashika nozeli tu.

Gesi sasa. Mtungi ukiwa unawaka pale mdomoni watu hukimbilia kuuzima. Usiuzime kama huwezi kuufunga, ukizima moto gesi inaendelea kutoka kimya kimya inatambaa chini, kwa sababu ni nzito kuliko hewa, inatafuta jiko la jirani. Uache uwake, wewe upooze mwili wa mtungi kwa maji ukiwa mbali, umejificha nyuma ya ukuta wa maana, na maji yapige sehemu ya juu pale ambapo ndani hakuna kimiminika, hapo ndipo chuma kinapolainika kwanza kikapasuka. Ile ya Embakasi kule Nairobi, gesi ilipolipuka usiku wa Februari 1 2024, kila mtu aliona video, mpira wa moto juu ya nyumba za watu. Ikiwa ni mitungi mingi na maji huna, hapo mbinu ni miguu. Ondoa watu uondoke na wewe.

FremuYaTatu

Kuna mtu hajagusia umeme. Usiku ule waya wa kwenye nguzo kuingia jengo la magodoro ulikuwa unatoa cheche na askari alikuwa anamwaga maji upande uleule, sisi tukawa tunapiga kelele atakufa.

dogo_wa_Kassel

Hilo huku tunakaririshwa namba nne kama sala: 1, 5, 5, 10. Umeme wa majumbani, mnyunyizo kaa mita 1, mkondo ulionyooka kaa mita 5. Umeme mkubwa, mnyunyizo mita 5, mkondo ulionyooka mita 10. Maana maji yaliyovunjika vunjika matone hayapitishi umeme kirahisi kama mkondo uliokamatana. Hizo namba zimewekwa kwa aina moja ya nozeli na kwa maji ya kawaida, kwaiyo ukichanganya povu au ukitumia monita usizitegemee. Na waya ukiwa umedondoka chini habari ni nyingine kabisa, hapo usisogee karibu hata bila maji.

Kisauni_majimoto

Kwetu namba ni moja, pigia watu wa stima wakate kwa nguzo. Mpaka wathibitishe, kila waya uko hai.

MamaTunu_Tofali

Samahani mimi sio zimamoto, mimi ni fundi ujenzi, ila nina swali kwa mwenye mada. Huo ukuta wa mbele uliopandishwa kuficha bati bado umesimama?

FremuYaTatu

Umejuaje dada. Ulidondoka. Saa nne kasoro, moto umeshapungua watu wanasema umeisha, mara buu, wote ukalala barabarani na bango lake. Hakuna aliyeumia.

MamaTunu_Tofali

Nilijua. Huo ukuta watu wanaona ni mtindo mzuri, nyumba inaonekana ya kisasa, lakini ukipita juu ya linta, ile zege ya juu ya milango na madirisha, hauna kinachoushika zaidi ya udongo wake mwenyewe. Nyuma yake zipo kenchi za mbao zimeegemea, kenchi zikiungua zinashuka katikati na zikishuka zinauvuta au zinausukuma. Kama ndani kuna boriti ya chuma ndo mbaya zaidi, chuma kikipata joto kinarefuka, hakina pa kwenda, kinausukuma ukuta nje. Kikifika kwenye nyuzi 600 hivi nguvu yake imebaki nusu, kinajipinda kama tambi. Na moto ukizimwa ghafla kwa maji mengi ndo usiamini ukuta hata kidogo, tofali lililokuwa linachemka limemwagiwa baridi.

Na mzee_wa_pampu hukusema uzito. Maji lita moja ni kilo moja. Monita ikimwaga lita 2,000 kwa dakika, hiyo ni tani mbili kila dakika zinaingia kwenye jengo, na godoro ni sponji, linanyonya linashika. Kama ni ghorofa, slabu imeshapikwa unaipandishia tani ishirini kwa dakika kumi. Ukiona maji mnayomwaga ndani hayatoki mlangoni, jiulizeni yamekaa wapi.

mzee_wa_pampu

Huyu mama angekuwa zimamoto ningemsaluti.

Kanuni yetu ya ukuta ni hii: urefu wa ukuta kwenda juu mara moja na nusu, hiyo ndo mita za kukaa mbali. Ukuta wa mita 4 kaa mita 6, ukuta wa mita 10 kaa mita 15, gari nalo hivyohivyo, usiliegeshe chini ya ukuta kwa kuwa mpira ni mfupi. Na kama lazima usogee basi simama kwenye kona, kwenye pembe ya jengo, kuta mbili zinashikana hapo, mara nyingi ukuta unadondoka katikati na kona inabaki. Ndo maana yule askari wako alikuwa kwenye kona karibu na lile dirisha dogo. Hakuwa amejificha.

Dalili za ukuta unaotaka kushuka: ufa unaokua ukiutazama, moshi unaotokea kwenye maungio ya tofali mahali ambapo hapakuwa na tundu, tumbo, yaani ukuta umetoa kitambi. Na sauti. Jengo linalia kabla ya kudondoka, ila kwa kelele za pampu na matusi ya watu hulisikii.

dogo_wa_Kassel

Ni ileile ya huku, mara moja na nusu, wanaita kivuli cha kifusi.

Afu niongezee moja ambayo ni ya raia kabisa. Ukiona jengo limefungwa, vioo vimekuwa vyeusi kama vimepakwa lami, ndimi huzioni, moshi unatoka kwenye nyufa na kurudi ndani kama jengo linapumua, USIVUNJE mlango wala dirisha. Moto humo ndani umekosa hewa tu, haujafa, joto lipo na mafuta ya moshi yapo, ukimpa hewa unampa kila kitu. Hapo kwetu bongo mtu wa kwanza kufika huwa anakuja na nondo kuvunja mlango ili "aokoe mali". Ukishajua hakuna mtu ndani acha mlango ufungwe, ndo msaada mkubwa kuliko ndoo 50 za maji.

Kinyozi_wa_Stendi

Sawa nimewaelewa, sio woga. Lakini gari moja na boza la kuitwa baadae bado ni aibu, hapo sibadiliki.

mzee_wa_pampu

Usibadilike. Hapo hata mimi niko na wewe.

FremuYaTatu

Wakuu nimerudi. Leo asubuhi kabla sijafungua nimeenda na futi ya fundi wa madirisha. Alama ya ule ukuta bado ipo kwenye nguzo ya kona iliyobaki, nimepima urefu wake, mita 4 na robo. Alafu nikaangalia kwenye video nilikuwa nimesimama wapi wakati yule askari ananivuta shati, kuna kifuniko cha chemba barabarani kinaonekana karibu na viatu vyangu. Kutoka ukutani mpaka kwenye chemba ni mita 3 na kidogo. Tofali la mwisho lililochubua lami lipo kama mita 5.

Video nimeifuta ile sehemu niliyokuwa namtukana, nimebakiza ya moto.

Sasa MamaTunu nina swali la mwisho. Siling yangu imekuwa nyeusi na wakati fremu ya fundi simu katikati haijaungua hata kidogo, moshi umepitaje?

MamaTunu_Tofali

Juu. Hizo fremu zenu kuta za katikati zimeishia kwenye siling, si ndio? Juu ya siling ni ukumbi mmoja kutoka kwa bwana rangi mpaka fremu ya mwisho. Fishabodi ilivyoanza kushika, moshi na joto viliingia hapo na kutembea juu ya vichwa vyenu wote. Dakika tano zaidi na kenchi zenu zingeshika zote kwa pamoja, zimamoto wangelazimika kuvua bati katikati ya mstari ili wakate moto, na pengine wangeivua ya kwako.

Ongeeni na mwenye fremu. Kuta zipandishwe kwa tofali mpaka zikutane na bati, sio mpaka kwenye siling, na pale juu pasiachwe upenyo wa kupitisha waya wa luku, pazibwe na udongo wa saruji. Anzia ukuta wa bwana rangi.

FremuYaTatu

Mwenye fremu atasema tulipe sisi.

MamaTunu_Tofali

Mlipe. Sita mkichangiana kwa ukuta mmoja haifiki bei ya tairi zako mbili za bodaboda kila mtu. Njoo inboksi nikupigie hesabu ya tofali.